Gemu za Kompyuta kwa Bei Nafuu: Maswali ya Vijana wa Thika na Ruiru

Katika hosteli za Juja, vyumba vya kupanga vya Ruiru na mitaa ya Thika hadi ng'ambo ya mto Chania, kijana mwenye laptopu hataki tena kununua CD. Gemu inanunuliwa mtandaoni na kupakuliwa. Kuna wanaolipa bei kamili wiki chache tu kabla haijashuka, na kuna wanaomtumia pesa muuzaji wa Telegram wasiyemjua, naye akatoweka. Hasara zote mbili zinaepukika.

Bei hushuka lini?

Steam, duka la kampuni ya Valve ya Marekani lililofunguliwa mwaka 2003, huwa na misimu mikubwa ya punguzo kila mwaka. Inayojulikana zaidi ni ule wa mwishoni mwa Juni hadi mapema Julai, na ule wa Desemba unaovuka Mwaka Mpya. Upo mwingine Machi na mwingine kabla ya Desemba. Gemu iliyokwisha kukaa sokoni miaka miwili au mitatu hurudi kwenye punguzo mara nyingi, kwa hivyo ukikosa leo usihangaike. Iweke kwenye orodha ya gemu unazozitaka, nalo duka litakuletea barua pepe bei ikishuka.

Asilimia 80 ni punguzo kubwa kweli?

Inategemea gemu hiyo imewahi kuuzwa kwa kiasi gani. Tovuti ya SteamDB huonyesha bei za gemu tangu zamani, na IsThereAnyDeal hulinganisha maduka mbalimbali. Ikiwa leo inauzwa dola 8 na mwaka jana iliwahi kufika dola 4, mimi ningesubiri. Tazama bei ya chini kabisa iliyowahi kufikiwa, wala usibabaishwe na asilimia iliyoandikwa kwa rangi ya kijani.

Nitalipaje bila kadi ya benki?

M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika ambayo Safaricom ilizindua mwaka 2022, inafaa. Unaifungua kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#. Steam humuuzia Mkenya kwa dola, na shilingi zitakazokatwa zitazidi kidogo hesabu uliyoifanya kwa kiwango cha Benki Kuu. Gemu ya dola 20 yenye punguzo la asilimia 75 ni dola 5. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 650, kisha uache nafasi ya nyongeza.

Wapo wanaoshauri utumie VPN ujifanye uko nchi ya bei rahisi. Usifanye hivyo. Ni kinyume cha masharti ya Steam, na akaunti yako yenye gemu zote ulizolipia inaweza kufungiwa. Isitoshe, Argentina na Uturuki, zilizokuwa zikikimbiliwa sana, zilihamishiwa bei za dola Novemba 2023.

Mbona bando linagharimu kuliko gemu?

Hapa ndipo wengi hawapigi hesabu. Gemu kubwa za leo hupita gigabaiti 100. Mtu anashangilia kuilipia shilingi 650, halafu bando la kuipakua linakula zaidi ya hapo, na masasisho yanakuja baadaye. Kabla ya kulipa, soma chini ya ukurasa wa gemu: nafasi inayohitajika kwenye diski, RAM, na kadi ya picha. Gemu nyingi nzuri zilizotengenezwa na timu ndogo hazifiki hata gigabaiti 2, na laptopu ya kawaida ya chuo inazibeba bila shida.

Kama mko kwenye intaneti moja ya hosteli, kuna njia ya halali ambayo wachache wanaijua. Tangu mwaka 2023 Steam huruhusu kompyuta moja kuichukua gemu kutoka kwa nyingine iliyo kwenye mtandao huohuo wa ndani. Kila mmoja lazima awe na haki ya kuicheza, lakini kupakua kutoka ng'ambo kunafanywa mara moja tu.

Kuna za bure?

Zipo. Epic Games Store, iliyofunguliwa Desemba 2018, hutoa gemu ya bure kila wiki, nayo hubadilishwa Alhamisi, jioni kwa saa zetu. Mei 2020 ilitoa Grand Theft Auto V. Ukiichukua ndani ya muda uliowekwa inabaki kwenye akaunti yako, hata kama utaipakua mwakani ukipata Wi-Fi nzuri.

Vipi misimbo ya kufungulia gemu inayouzwa kwa bei ya kutupa?

Msimbo uliopatikana kwa kadi ya wizi unaweza kufutwa baada ya wewe kulipa, na aliyekuuzia hashikiki. Hatari zaidi ni anayetaka nenosiri lako ili "akuwekee" gemu; huyo anaitaka akaunti. Nunua dukani kwenyewe au kwa muuzaji ambaye IsThereAnyDeal imemworodhesha.

Nikinunua, ikakataa kufunguka?

Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2, hata kama uliinunua kwa punguzo. Duka jingine, GOG, hukupa siku 30. Na ukinunua leo kwa bei kamili, kisha keshokutwa ikaingia kwenye punguzo, Steam inakuruhusu kuirudisha na kuinunua upya kwa bei mpya, mradi hujapita mipaka hiyo.