Mwimbaji Aliyerudi Kushika Nyundo: Somo kwa Kijana Anayesubiri Kuonekana



Mpendwa kijana, hivi karibuni mwanakwaya mmoja alinifuata baada ya mazoezi. Ametunga nyimbo kwa miaka minne. Alijibana, akaweka akiba, akaenda studio, akarekodi wimbo wake mmoja na kuuweka mtandaoni. Miezi mitatu baadaye ulikuwa na watazamaji 112. "Na nusu yao ni mimi na mama," akasema huku akicheka, ila macho yake hayakucheka. Kisha akaniuliza: "Kaka, sasa Mungu alinipa kipaji cha nini kama hakuna anayesikiliza?"

Swali hilo si la kujibu haraka haraka. Nikamsimulia habari za mwanamuziki mmoja wa Marekani, na leo nakusimulia na wewe.

Somo la kusoma kabla ya kuendelea: Marko 4:26-29, mfano wa mbegu inayoota yenyewe.

Kijana wa Detroit

Anaitwa Sixto Rodriguez. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1942 katika jiji la Detroit, jiji la viwanda vya magari. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Mexico. Yeye alikuwa mtoto wa sita, ndiyo maana akaitwa Sixto.

Alipiga gitaa na kutunga nyimbo zake mwenyewe, muziki wa roki wenye maneno mazito kuhusu maisha ya watu wa mtaani, umaskini na wanasiasa. Aliimba kwenye vilabu vidogo vya jiji lake. Mwaka 1970 akatoa albamu ya kwanza, *Cold Fact*, chini ya kampuni ndogo ya kujitegemea iliyoitwa Sussex. Mwaka 1971 ikafuata ya pili, *Coming from Reality*. Watayarishaji wake waliamini kabisa kwamba jamaa atavuma.

Hakuvuma. Nyumbani kwao Marekani albamu zote mbili hazikununuliwa. Kampuni ikaachana naye, na mwaka 1975 yenyewe ikafungwa.

Niseme mapema: simleti hapa kama mtakatifu. Baadhi ya nyimbo zake zinazungumzia madawa ya kulevya, na si za kuimba kwenye Misa. Ninachotaka tukitazame ni kile alichofanya baada ya mlango kufungwa.

Alirudi kazini

Rodriguez alishika nyundo. Alifanya kazi za kubomoa na kukarabati majengo, kazi za vumbi na mgongo kuuma. Mwaka 1976 alinunua nyumba chakavu kwenye mnada wa serikali kwa dola 50, akaishi humo kwa miaka mingi. Alilea mabinti zake. Aliwapeleka maktaba na makumbusho, ili wajue kwamba umaskini haumzuii mtu kuingia mahali penye elimu na uzuri.

Hakuacha kusoma. Mwaka 1981 alipata shahada ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Wayne State. Aligombea pia nafasi za uongozi katika jiji lake, hakushinda. Wenzake wa kazini walisimulia kwamba wakati mwingine alifika kwenye kazi ya kubomoa amevaa suti, kana kwamba anakwenda mahali pa heshima. Na kwa kweli alikuwa anakwenda mahali pa heshima, kwa sababu kazi ni heshima.

Mwaka huohuo wa 1981, tarehe 14 Septemba, Papa Yohane Paulo II alitoa waraka wake kuhusu kazi ya binadamu, *Laborem Exercens*. Mafundisho yake makubwa ni haya: thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, siyo kwa aina ya kazi yenyewe. Anayefagia na anayeongoza benki wote ni watu, na kazi ya kila mmoja inapimwa kwa utu wake. Sidhani kama Rodriguez aliusoma waraka huo. Lakini yule mtu mwenye suti katikati ya vumbi anatusaidia kuuelewa.

Kumbe mbegu ilikuwa inaota

Wakati yeye anabeba matofali Detroit, nyimbo zake zilikuwa zimevuka bahari. Huko Australia santuri zake zilipata wapenzi, na mwaka 1979 na 1981 aliitwa kwenda kuimba. Kisha akarudi tena kwenye nyundo yake. (Ile filamu maarufu iliyokuja kutengenezwa kuhusu maisha yake haikuitaja Australia, kwa hiyo wengi hudhani hakuna aliyemjua popote. Si kweli, na ukweli ni mtamu vilevile.)

Afrika Kusini ndiyo mambo yalikuwa makubwa zaidi. Ilikuwa miaka ya ubaguzi wa rangi. Vijana wengi, hasa Wazungu waliochoshwa na utawala ule, walizipenda nyimbo zake kwa sababu zilithubutu kuhoji wakubwa. Albamu iliuzwa sana. Lakini hakuna aliyejua mwimbaji yuko wapi, na uvumi ukaenea kwamba alijiua jukwaani. Yeye naye hakujua kwamba ni nyota katika nchi ya mbali, na mirabaha ya mauzo hayo haikumfikia.

Mwaka 1997 wapenzi wake wawili wa Afrika Kusini, mwandishi wa habari na muuza santuri, walimtafuta mpaka wakampata. Binti yake mmoja naye aliona kwenye intaneti ukurasa uliokuwa unamtafuta baba yake. Machi 1998 Rodriguez akafika Afrika Kusini na kufanya matamasha sita. Maelfu ya watu waliimba naye neno kwa neno. Alikuwa na miaka 55.

Mwaka 2012 ikatoka filamu ya *Searching for Sugar Man*, na mwaka 2013 ikashinda tuzo ya Oscar. Mwenyewe hakwenda kwenye sherehe. Hakutaka kuwafunika walioitengeneza. Pesa zilipoanza kuingia, nyingi aliwagawia ndugu na marafiki, na akabaki kwenye nyumba yake ileile. Alifariki tarehe 8 Agosti 2023, akiwa na miaka 81.

Tusikosee somo

Hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Tunasoma habari kama hii na kusema: "Vumilia tu, siku yako inakuja!" Rafiki, mimi sikuahidi hivyo. Wapo watunzi wengi wazuri ambao Machi 1998 yao haikuja. Wamezikwa na madaftari yao.

Kwa hiyo jiulize: kama wale wawili wa Afrika Kusini wasingemtafuta, je, miaka yote ile ya Rodriguez ingekuwa hasara? Watoto aliowalea, kuta alizozikarabati, vitabu alivyosoma, vyote ni bure kwa sababu kamera haikuwepo?

Kama jibu lako ni ndiyo, basi itabidi useme hivyohivyo kuhusu Nazareti. Bwana wetu alianza utume wake akiwa na miaka ipatayo thelathini (Luka 3:23). Kabla ya hapo watu wa kijijini walimjua tu kama seremala (Marko 6:3). Sehemu kubwa ya maisha yake Mwokozi wa ulimwengu aliipitisha mahali ambapo hapakuwa na umati. Na miaka hiyo nayo ilimpendeza Baba.

Mkulima wa mfano wa Marko analala na kuamka, na mbegu inakua asivyojua yeye. Kazi yake ni kupanda. Kuotesha si kazi yake, na kuhesabu watazamaji pia si kazi yake.

Na haki je?

Kuna jambo lingine tusilifunike kwa maneno ya unyenyekevu. Mtu alitoa jasho, wengine wakanunua na kuuza, yeye hakupata kitu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inataja kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kati ya dhambi zinazolilia mbinguni. Soma pia Yakobo 5:4.

Sasa tujitazame. Kwaya yetu inaimba nyimbo za nani, na je, tunataja jina la mtunzi? Mpiga kinanda tuliyemwita kwenye harusi tulimlipa, au tulimwambia "Mungu atakubariki" tukaondoka? Unyenyekevu wa msanii usiwe kisingizio cha sisi kumnyonya.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye jumuiya)

1. Ni kazi gani ninaifanya vizuri pale tu ninapoonwa?
2. Kama wimbo wangu ungebaki na wasikilizaji 112 maisha yangu yote, ningeendelea kutunga? Kwa nini?
3. Nani ninadaiwa naye ujira au shukrani? Nitamlipa lini?

Tuombe

Ee Yesu, seremala wa Nazareti, unaona yaliyo sirini. Nifundishe kupanda bila kuchimbua mbegu kila asubuhi kuangalia kama imeota. Nikifichwa, nisikate tamaa. Nikionekana, nisilewe. Na jasho la mwenzangu nisilile bure. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.

Yule mwanakwaya, kama unataka kujua, Jumamosi iliyofuata alikuja mazoezini na karatasi mkononi. Wimbo mpya. Tunaujifunza sasa hivi, na sauti ya nne bado inatusumbua.