Mume wangu hataki tena kwenda uwanjani

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Isevya hapa Tabora. Mume wangu naye ni mwalimu. Tulifahamiana chuo cha ualimu, pembeni ya kiwanja, siku timu ya chuo chetu ilipocheza na chuo jirani. Yeye alikuwa beki wa kushoto, mimi nilikuwa napiga ngoma ya washangiliaji. Tangu siku hiyo mpira ndiyo lugha yetu. Timu ya Tabora ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, hatukukosa mechi hata moja Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Hela ya kiingilio tuliiweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, hata mwezi wa ada.

Mume wangu amezaliwa katika nyumba ya Yanga. Marehemu baba yake alikuwa mwanachama mwenye kadi, na kaka zake wote ni Yanga. Lakini Novemba 7, 2024, tulipowafunga Yanga 3-1 kule Chamazi, alishangilia mpaka machozi yakamtoka, mbele ya kaka zake hao hao. Mmoja hakumsemesha mpaka mwaka mpya.

Sasa Tabora United yetu inaitwa TRA United. Tangu jina lilipobadilika hajakanyaga uwanjani. Anasema timu yetu imekufa. Mimi naenda, maana kwangu ni timu ile ile, ila mawifi wanauliza mke wa mtu anatafuta nini jukwaani peke yake. Nikirudi namkuta barazani anasahihisha madaftari. Mimi haniulizi kitu, ila baadaye namsikia akimuuliza mtoto, "Wametoka ngapi ngapi?" Nimemweleza mara nyingi kwamba kilichobadilika ni jina tu. Ananyamaza. Naogopa isije ikawa tulichokuwa nacho kilikuwa mpira tu. Nifanye nini?

Mpiga Ngoma, Isevya

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale, kwa kaka zake. Umewataja kwa haraka, kisha ukapita. Hebu turudi.

Wewe ulipoanza kuipenda timu ya Tabora, hukuacha kitu nyuma. Hujaniambia kwamba ulikuwa Simba au Yanga, nami naamini ungekuwa, ungesema. Mumeo alihama. Na hapa kwetu mtu hahami kirahisi. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936. Hizi si timu ambazo mtu hukaa chini akachagua, bali huzikuta nyumbani kama anavyoukuta ukoo. Mtoto anavalishwa jezi kabla hajajua kutembea. Mwanamume aliyelelewa chini ya kadi ya baba yake, akashangilia Yanga ikifungwa mbele ya ndugu zake wa tumbo moja, alilipa bei ambayo wewe hukudaiwa. Aliilipa kwa sababu ya neno moja, Tabora. Kwa mara ya kwanza alikuwa na timu yenye jina la mahali anapolala na kuamka.

Neno hilo sasa limetoka kwenye jina la timu. Unadhani kaka zake wameliacha lipite hivi hivi? Mimi siamini. Kwa Yanga hawezi kurudi, maana mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango. Na huku alikohamia, kibao cha mlangoni kimebadilishwa bila yeye kuulizwa.

Najua hoja ulizompa, kwa sababu ningekuwa wewe ningempa hizo hizo. Kwamba timu hii haikuzaliwa Tabora, ilikuja ikiitwa Kitayosce, jina la Kilimanjaro, na mliipokea vilevile. Kwamba Mamlaka ya Mapato, hiyo TRA iliyoko kwenye jina jipya, ina mfuko, na timu ya mkoani bila mfuko haiishi. Wala hamjasahau Agosti 2023, mechi ya kwanza ya ligi dhidi ya Azam, walipoingia uwanjani wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili, wakawa wameshafungwa 4-0 ndani ya robo saa, wawili wakaumia, na mwamuzi akamaliza mchezo kwa sababu waliobaki hawakutimia saba. Ungeweza hata kumkumbusha kwamba mji wenyewe wafanyabiashara wa misafara waliuita Kazeh, na kwamba wazee husema Tabora imetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Yote ni kweli, mwanangu. Lakini mtu aliyefiwa huwezi kumtuliza kwa kumthibitishia kwamba marehemu alikuwa na majina mengi.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilikosea. Mwaka 2014 Rhino Rangers, timu ya jeshi ya hapa kwetu, ilishuka daraja baada ya msimu mmoja tu. Marehemu mume wangu alikuwa na redio ndogo ya betri, akiianika betri juani ili apate dakika tisini. Jioni ile aliizima, akaifungia kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia, "Baba, ni mpira tu." Hakujibu. Tuliishi pamoja miaka mingine sita, ya amani, na hakunizungumzia mpira tena hata siku moja. Alikwenda kuuzungumzia kijiweni kwa wauza kahawa. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu wa kuongea naye, na mtu huyo nilikuwa mimi. Tabora ilikaa miaka tisa bila timu Ligi Kuu. Timu yenu, Nyuki wa Tabora, ilipopanda, yeye alikuwa ameshatangulia.

Kwa hiyo usimwambie tena kwamba ni jina tu. Mwambie kwamba unajua alichokipoteza kwa kaka zake. Mwambie hivyo mkiwa wawili, watoto wamelala. Kisha nyamaza wewe, aseme yeye. Huenda asiseme usiku huo.

Uwanjani endelea kwenda. Ukiacha kwa ajili yake, nyumba itakuwa na watu wawili wanaoomboleza badala ya mmoja, na mwaka ujao mtalaumiana. Habari ya mawifi isikuchoshe. Mchukue mtoto wako, kaa na walimu wenzako wa kike, muage mumeo waziwazi kabla hujatoka, na atakayeuliza mwambie mume wangu anajua niliko. Kwenye kopo la maziwa weka kiingilio cha watu wawili kama zamani. Usimwambie. Kopo liko juu ya kabati na yeye ana macho. Na ile jezi ya zamani usiigeuze tambara la kupigia deki. Siku akitaka kuja, aje ameivaa, akae jukwaa la mzunguko na jina la mji wake kifuani. Hakuna atakayemzuia mlangoni.

Unaogopa kwamba mlichokuwa nacho kilikuwa mpira tu. Soma tena ulichoniandikia. Siku ya mechi mtu huyu anakaa barazani na madaftari, si chumbani, mahali ambapo lazima akuone ukiingia. Na hawezi kulala bila kujua wametoka ngapi ngapi, ndiyo maana anamtuma mtoto. Anaona haya kukuuliza wewe, kwa sababu akikuuliza ni kama amekubali kwamba timu haijafa.

Basi mechi ijayo ukirudi, usimwachie mtoto ajibu. Weka pembeni pakiti ya karanga uliyomnunulia, vuta kigoda, kaa hapo hapo barazani, na umsimulie mwenyewe. Anzia getini, foleni ilivyokuwa, ngoma ilivyoanza, beki wa kushoto alivyocheza. Huyo beki wa kushoto usimruke.