SOMO: MAHALI ANAPOLALA MKIMBIZI NA AFYA YAKE

Sisi wa Gongo la Mboto hatujasahau usiku wa Februari 16, 2011. Ghala la mabomu katika kambi ya jeshi lililipuka, watu zaidi ya 20 wakafa na maelfu wakakimbia na nguo walizovaa. Kiasi cha watu 4,000 walipata hifadhi Uwanja wa Uhuru, Temeke. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Kisheria hao hawakuwa wakimbizi, maana mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka wa nchi yake. Hata hivyo walionja maisha hayo kwa siku chache.

Sasa tuangalie Kagunga, mkoani Kigoma. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliingia katika kijiji hicho chembamba, mlima nyuma, ziwa mbele, barabara hakuna. Vyoo havikutosha. Watu wakajisaidia ufukweni, na maji ya kunywa yakachotwa humo humo ziwani. Kipindupindu kikalipuka: katika wiki chache wagonjwa walifika kama 3,000 na zaidi ya 30 wakafa, wakiwemo wenyeji. Meli kuukuu ya MV Liemba iliwabeba kama 600 kwa safari kuwapeleka Kigoma mjini. Tuelewe vizuri hapa: ugonjwa ulitokana na mahali walipokwama. Mrundi hakuja nao kama mzigo kichwani, kama wengine walivyopenda kusema.

Ndiyo sababu mashirika ya misaada yana vipimo vya chini kwa wakati wa dharura: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu. Watu wakibanana, kikohozi na kifua kikuu hupita haraka. Maji yakipungua, mikono hainawi.

Tena afya si kuhara tu. Tangu Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi hapa nchini hatoki kambini bila kibali. Mtu mwenye nguvu zake akisubiri mgao mwaka baada ya mwaka, moyo nao huugua, na ugonjwa huo zahanati haiuoni upesi.

Turudi nyumbani. Chumba chetu cha kupanga cha futi kumi kwa kumi ni kama mita za mraba 9. Kwa kipimo cha kambi, hicho ni chumba cha watu wawili! Wangapi wanalala watano? Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni, kikaenea Ilala na Temeke, ambako hakuna kambi ya wakimbizi.

Kazi ya vikundi: pimeni chumba kimoja, hesabuni ndoo za maji kwa siku na watu wanaotumia choo kimoja. Mtuletee namba kabla ya toleo lijalo, majina ya watu msiandike.