Jinsi ya Kuchagua Koti la Mvua

Hapa kwetu Tabora mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kwisha Aprili. Miezi mingine ni vumbi tupu, na kwa hiyo watu wengi hulikumbuka koti la mvua siku ile waliyokwisha kulowa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Somo hili lilinigharimu, na sitaki ndugu zangu wanafunzi wagharimike vivyo hivyo.

Mwaka nilioingia kidato cha tatu, bibi yangu aliuza madebe mawili ya karanga akanipa fedha, akasema, "Mjukuu wangu, kanunue koti, usije ukaugua kichomi." Nikaenda penye mitumba. Nikaona koti la rangi ya kaki, lenye mkanda kiunoni na vifungo safu mbili. Nilipolivaa wenzangu walisema nafanana na mcheza sinema. Sikuuliza jambo jingine, nikalipa.

Juma moja kabla ya mtihani, mvua ikanikuta njiani kurudi nyumbani Kwihara. Madaftari yangu nilikuwa nimeyaficha kifuani, ndani ya koti. Maji yakapenya katika mishono ya mabegani, yakashuka mpaka kwenye kurasa. Maandishi yote ya fizikia yakawa doa moja la buluu. Bibi hakunigomba. Aliyaanika madaftari karatasi moja moja juu ya kitanda chake, na kwa kimya chake nikaona haya zaidi kuliko kama angenigomba. Mtihani ule nilianguka. Ndipo nilipoanza kutafuta: je, koti huzuia maji kwa njia gani?

Walivyofanya wa zamani

Jambo hili halikuanza leo katika njia yetu hii. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu mpaka pwani, na kurudi na mizigo ya nguo, hasa merikani. Burton, aliyefika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, aliandika kwamba mvua iliponyesha wapagazi walivua ngozi zao za mbuzi, wakazikunja na kuziweka kati ya bega na mzigo, ili wafikapo kambini wapate vazi kavu. Hawakuwa na koti, lakini walijua kwamba faida ya vazi ni kuwa kavu wakati unapolihitaji.

Tena, Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliufunga mwili wake katika gome la mti, wakashona juu yake kitambaa cha tanga, kisha wakakipaka lami ili maji yasipite. Mzigo ule ulipita hapa Unyanyembe ukafika Bagamoyo. Basi watu wale walijua kanuni yenyewe: kitambaa peke yake hunywa maji, sharti kitiwe kitu kinachoyakataa.

Aina tatu za kitambaa

Kwanza ni kitambaa cha mpira. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hati ya kuweka mpira ulioyeyushwa kati ya vitambaa viwili. Maji hayakupita kabisa, lakini makoti ya kwanza yalinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, mpaka ilipovumbuliwa njia ya kuupika mpira pamoja na kiberiti. Makoti ya plastiki ya siku hizi ni ndugu wa aina hii. Ni rahisi kwa bei, ila jasho nalo halipati njia ya kutoka. Ukipanda baiskeli mpaka Kwihara utafika umelowa kwa maji yako mwenyewe.

Pili ni pamba iliyofumwa kwa kubana sana. Hiyo hupitisha hewa, nayo yafaa kwa manyunyu. Mvua ya saa nzima huishinda.

Tatu ni nailoni iliyopakwa dawa upande wa ndani. Ni nyepesi, hukunjika ikaingia mkobani, na hukauka upesi. Kwa mwanafunzi naona hii yafaa zaidi, mradi isiwe imechubuka. Koti la mtumba likianza kubanduka ndani kama ngozi iliyounguzwa na jua, liache.

Mambo ya kutazama kabla ya kulipa

1. Geuza koti ndani nje, utazame mishono. Maji hupenda kupita katika matundu ya sindano. Mshono mzuri umefunikwa kwa utepe, wala utepe haujabanduka.

2. Omba ruhusa, udondoshe maji kidogo begani. Yakisimama kama matone juu ya jani la gimbi, ni vema. Yakienea na kuingia, hilo si koti la mvua.

3. Livae juu ya sweta, kisha nyosha mikono mbele kama uliyeshika usukani wa baiskeli. Lisibane kwapani, wala mikono isipande mpaka viwikoni.

4. Urefu uwe magotini. Likizidi hapo litanaswa na mnyororo. Likipungua litamwaga maji yote mapajani.

5. Kofia yake igeuke pamoja na kichwa, usije ukashindwa kuona gari likitoka kando.

6. Rangi ing'aayo, kama manjano, huonekana na dereva wakati wa giza la mvua. Kaki na nyeusi hupotea.

Je, urembo hauna nafasi? Unayo. Koti linalokaa sawa mabegani na lenye ukosi uliosimama hupendeza, na mtu hulivaa kwa furaha badala ya kuliacha msumarini. Lakini urembo uje baada ya mambo sita haya, usiyatangulie.

Utunzaji

Likilowa, lianike kivulini penye upepo. Moto wa jikoni huharibu mpira na nailoni. Usilikunje bichi, litaota ukungu. Na kumbuka kwamba koti halizuii radi: ngurumo zikianza, usijikinge chini ya mwembe, hata koti lako likiwa zuri namna gani.

Jaribio

Chukua kipande cha pamba na nta ya nyuki kidogo, ambayo Tabora haikosekani. Isugue nta juu ya nusu ya kitambaa, ukipashe joto mpaka nta iingie. Dondosha maji pande zote mbili. Utaona kwa macho yako kazi ya ile lami ya Chuma na Susi.

Masika yaliyofuata nilikwenda sokoni pamoja na bibi. Nikageuza makoti manne ndani nje, muuzaji akanung'unika. La tano nililidondoshea maji, yakasimama. Ni la manjano, halina mkanda. Madaftari yangu tangu hapo hayajalowa, na mtihani wa fizikia nilishinda. Shida moja tu imebaki: siku za Jumamosi silioni koti langu, kwani bibi amelivaa kwenda shamba.

Maswali

1. Kwa nini koti la plastiki humlowesha mwendesha baiskeli ingawa mvua haipiti?
2. Mishono ina hatari gani?
3. Eleza jinsi nta inavyogeuza tabia ya pamba.