Saini yako si ruhusa ya uzembe

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa kama hilo halihitaji mtaalamu wa kulieleza. Mengine hayaonekani kirahisi, kwa hiyo ijue sheria ya Tanzania Bara.

Uzembe ni nini?
Mgonjwa kutopona, au hata kufariki, peke yake hakuthibitishi uzembe. Mahakama huuliza kama daktari alifanya ambalo mwenzake mwenye ujuzi wa kiwango hicho angefanya, na kama madhara yalitokana na kutofanya hivyo. Anayedai ndiye anayethibitisha, na mara nyingi atahitaji ushahidi wa daktari mwingine.

Nilisaini fomu ya ridhaa. Je, nimepoteza haki?
Hapana. Ulikubali hatari za upasuaji ulizoelezwa. Hukukubali pamba isahaulike tumboni.

Niende wapi?
Baraza la Madaktari Tanganyika hushughulikia mwenendo wa daktari na laweza kumfuta kwenye rejista. Fidia hudaiwa mahakamani, na unaweza kumuunganisha daktari na mwajiri wake, kwani hospitali huwajibika kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini.

Kanuni hiyo inawalinda hata wasiofika mahakamani. Lawama zikimwangukia muuguzi mmoja, wenzake watajifunza kuficha makosa. Hospitali ikijua italipa yenyewe, itahakikisha jina la mgonjwa na sehemu ya kupasuliwa vinathibitishwa kabla ya kisu, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza katika orodha yake ya usalama wa upasuaji ya 2008.

Nina muda gani?
Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kwa hospitali ya serikali, tanguliza notisi ya siku 90, na nakala yake ifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Usisubiri mwaka wa tatu.

Nianzie wapi?
1. Andika tarehe, majina ya waliokuhudumia na maneno waliyokuambia.
2. Omba kwa maandishi nakala ya kumbukumbu zako za matibabu, ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
3. Tunza risiti, picha na majibu ya vipimo.
4. Muone wakili. Usiye na uwezo, omba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Kudai si kumchukia daktari. Ni kuitaka hospitali irekebishe kilichokuumiza kabla hakijamuumiza mwingine.