NAFSI, WAKATI NA MNYAMBULIKO KATIKA USAILI WA MWANAPROGRAMU CHIPUKIZI

Utangulizi
Makala haya yanachunguza lugha ya usaili, yaani mahojiano baina ya mwombaji kazi na jopo la waajiri. Anayeangaziwa ni mwanaprogramu aliye katika miaka yake ya mwanzo kazini jijini Nairobi. Usaili mwingi wa aina hii huendeshwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, mazoea ya usemi huvuka mipaka ya lugha, na adabu tuliyolelewa nayo huingia chumbani pamoja nasi. Hoja yetu ni kwamba sarufi ya kitenzi cha Kiswahili inampa chipukizi huyu kipimo cha kujieleza kwa ukweli, pasi na kujificha wala kujitapa.

Nafsi
Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii humchukulia mnunuzi kuwa amekiona chema chenyewe. Kazi ya programu haionekani hivyo. Msimbo umo katika seva za mwajiri, mara nyingi ni siri yake, na umeandikwa na watu kadhaa. Jopo lina muda mfupi na maneno ya mwombaji tu. Tuchukulie kwamba ameulizwa kuhusu tatizo alilowahi kulitatua, naye akajibu: "Mfumo wa malipo ulikuwa ukichelewa. Tukaurekebisha." Jibu hili ni la adabu, lakini kiambishi tu- kimemmeza mtendaji. Kauli ya kutendwa, "ukarekebishwa", ingemfuta kabisa. Anayekosa kazi kwa jibu kama hili huenda ndiye aliyekesha akiitafuta hitilafu.

Linganisha na jibu hili: "Tulikuwa watu 4. Nilisoma kumbukumbu za seva, nikaona ombi moja likirudiwa kwa kila mteja, nikaiandika upya sehemu hiyo. Mwenzangu akaijaribu, na muda ukashuka kutoka sekunde 9 hadi 2." Hapa tu- inataja timu, ni- inataja mchango, nayo a- inampa mwenzake haki yake. Huku si kujitapa. Fasihi simulizi inautambua utanzu wa majigambo, ambamo mtu husimulia matendo yake mwenyewe. Vivugo vya Wahaya ni mfano mmojawapo. Uzito wa utanzu huo hutokana na tendo mahususi, si sifa tupu.

Wakati
Katika jibu hilo, -li- imefungua kisa na -ka- imeyafuatanisha matendo, hivi kwamba jopo linaona jinsi mwombaji anavyofikiri. Akiulizwa, "Ungefanya nini seva ikizimika usiku?", hana budi kujibu kwa -nge-. Akisimulia kwa -li- tukio lisilotukia, amedanganya, na swali moja la ziada laweza kumfichua.

Mnyambuliko na kupanda ngazi
Mwanzoni, chipukizi hupimwa kwa vitenzi sahili: aliandika, alijaribu, alielewa. Anayeomba cheo cha juu hupimwa kwa kauli ya kutendesha, yaani aliwaelewesha wageni kazini na kuwawezesha wenzake, na kwa kauli ya kutendana: walisahihishana, walishauriana. Kabla ya kuomba cheo, basi, ajiulize ni nani anayeweza leo jambo asiloliweza jana kwa sababu yake. Kwa kuwa kumbukumbu hufifia, ni vyema aweke daftari na kila Ijumaa aandike tatizo, tendo lake na tokeo, bila kunakili siri za mwajiri.

Hitimisho
Jopo nalo lina wajibu. Linaposikia tu-, lisifanye haraka kumhukumu mwombaji kuwa hakutenda lolote, limuulize, "Wewe mwenyewe ulifanya lipi?" Kwa wanafunzi wa Kiswahili, uwanja huu wa utafiti ungali wazi. Viambishi tunavyovichanganua darasani ndivyo vinavyoamua, nje ya darasa, ni nani anayeonekana na ni nani anayesahaulika.