SOMO LA MWEZI HUU: NOZELI YA PAMPU HUDUMU KWA MUDA GANI?

Aliyewahi kuwa askari anajua kwamba mtutu wa bunduki huchakaa kwa ndani. Kwa nje hung'aa, lakini ndani umeliwa na moto wa baruti, na risasi haziendi tena zinakolengwa. Pampu ya dawa ni vivyo hivyo. Nozeli, yaani kile kipande chenye tundu dogo kwenye ncha ya pampu, huliwa kidogo kidogo, na mwenyewe asitambue mpaka dawa imekwisha kabla ya shamba.

Mambo matano huipunguzia au kuiongezea maisha:

1. Dawa. Dawa za unga, kama zile za shaba za kahawa, haziyeyuki. Chembe zake husugua tundu kama msasa.

2. Maji. Maji ya mto yana mchanga. Yachuje kwa kitambaa, wala usiondoe chujio la pampu kwa sababu ya haraka.

3. Nguvu. Ukipiga pampu kupita kiasi, chembe hupita kwa kasi na tundu hupanuka upesi.

4. Kitu iliyotengenezwa nacho. Nozeli ya shaba huchakaa upesi. Ya chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Ya kauri hushinda zote.

5. Mkono wako. Ikiziba, usiichokoe kwa msumari wala waya. Usiipulize kwa mdomo kamwe, maana dawa ni sumu! Vaa glavu, uioshe kwa maji na mswaki mkuukuu.

Jinsi ya kuipima

Osha pampu, utie maji matupu. Nyunyizia ndani ya jagi lenye alama kwa dakika 1, kwanza kwa nozeli mpya, kisha kwa ile ya zamani ya namna hiyo hiyo, ukipiga pampu sawasawa. Ya zamani ikizidi mpya kwa sehemu 1 katika 10, itupe. Kwa mfano, mpya ikitoa mililita 600 na ya zamani 660, haifai tena. Shamba lililotosheka kwa pampu 10 sasa litataka 11, na mimea itapata dawa kupita kipimo, hata majani yaweza kuungua.

Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba hukimaliza. Ipime yako kabla ya kunyunyizia tena.